Sahihi ya Keji Kituoni Ludara

Keji alikuwa wakala wa kaka yake Yengi katika kituo cha kura cha Ludara, na kazi ya wakala haina ufundi wowote: kaa, tazama kura zinavyohesabiwa, ndipo utie sahihi. Yengi alikuwa anagombea ubunge. Ndiye aliyemlea Keji baada ya wazazi wao kufariki, akamsomesha, akamwoza kwa heshima. Alisema kati ya mawakala wake wote, huyu mmoja hana haja ya kumchunga.

Balaa ni kwamba shangazi wa mumewe alifariki siku mbili kabla, na mazishi yakapangwa saa kumi jioni, saa ileile ya kufungua sanduku la kura. Kule kwao mkwe asiyeonekana mazishini husemwa mpaka meno yamng'oke. Msimamizi wa kituo, mwalimu Sulemani, aliyemfundisha Keji kushika kalamu darasa la kwanza, alimwona anavyohangaika.

"Keji, wewe enda zika mutu wenu," alimwambia. "Weka sahihi hapa sasa. Namba mimi nitaandika baadaye."

Fomu ya matokeo ilikuwa tupu. Lakini nani kati yetu angemkatalia mwalimu wake? Keji alitia sahihi, akakimbia mazishini, akalia na wenzake mpaka jua likazama, moyo wake mweupe kabisa.

Usiku ule redio ilisoma matokeo ya urais, na nyumba ya Yengi ilijaa watu waliongoja ya ubunge. Yengi alikuwa anaongoza, wanawake wameshaanza vigelegele, mpaka kura za Ludara zilipofika Koboko mjini kujumlishwa: Yengi kumi na moja, mpinzani wake mia mbili tisini na saba. Akashindwa kwa kura themanini na nne. Keji alidhani amesikia vibaya, maana ukoo wao peke yake hapo Ludara unapita mia. Asubuhi vijana wa mshindi walipita barabarani wakiimba, na sokoni wakaanza kunong'ona kwamba dada mtu amenunuliwa.

Wiki iliyofuata Angelo, mwanasheria wa Yengi, alikuja kutoka Arua, akaweka nakala ya fomu mezani mbele ya Yengi na Keji.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

Keji alieleza yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kujitetea. Angelo alikusanya karatasi zake taratibu. Mwalimu Sulemani amekana, alisema, mawakala wengine hawataki kuitwa mashahidi, na sahihi ya dada wa mgombea haina dawa mahakamani. Kesi imekufa kabla ya kufunguliwa. Aliondoka bila kumaliza chai yake.

Yengi alibaki amekaa. Keji alingoja atukanwe, angeshukuru kutukanwa.

"Walikupa nini?" kaka yake aliuliza.

"Hawakunipa kitu, kaka. Haki ya Mungu."

"Hata sabuni?"

"Hata sabuni."

Machozi yalimtoka Yengi, mtu ambaye Keji hakuwahi kumwona akilia tangu walipomzika mama yao. Hakuyafuta.

"Kama walikupa kitu, mimi ningeelewa," alisema. "Mutu iko na shida zake. Lakini wewe uliuza mimi bure."