Mishale ya Posa

Jamil, fundi wa makabati pale Budondo, alikuwa na ugonjwa mmoja: akishika mti, lazima ausugue mpaka ung'ae. Basi Mzee Umar wa Mbale alipomwambia kwamba nyumbani kwake hapokei posa mpaka mchumba alete mishale ya upinde wa marehemu babu, Jamil alijiona amekwisha oa. Mti ndio kazi yake. Namono, binti wa mzee, angekuwa mkewe kabla ya Ramadhani.

Alichagua vijiti vya msonobari vilivyonyooka, akavipiga msasa, akaona bado, akavipiga tena. Juu yake vanishi. Akapanda basi la Mbale amevipakata, kipande cha msasa kingali mfukoni.

Mzee Umar alikuwa muuza vitenge, na kitu kinachong'aa hakimpiti. Aliviviringisha mezani, hakuna kilichoyumba. "Kijana, mimi naridhika," alisema, akaagiza chai. Kisha akautungua upinde ukutani. "Vuta uone."

Jamil akavuta. Kamba ikasogea kidogo tu, mabega yakawaka moto, ndipo akaelewa kosa lake. Upinde mzito namna hii unataka kijiti kigumu, kinene, ambacho nyuzi za mti zinakwenda bila kukatika mwanzo hadi mwisho. Vyake alikuwa amevisugua vikawa vyembamba mno. Kimoja kikipasuka kamba inapoachiwa, kibanzi kitazama mkononi mwa mpigaji.

Chai ilikuwa imeshamiminwa. Angenyamaza tu, posa ingepita.

Alikiweka kijiti cha kwanza gotini, akakivunja. Akavunja na vingine vyote, huku aibu imemjaa usoni. "Baba, nisamehe. Hivi nilichagua kwa macho tu. Vingeumiza mkono yako."

"Mkono yangu?" Mzee Umar alishangaa. "Mimi hii upinde hata robo siwezi vuta. Anapiga ni Namono. Hakukuambia?"

Namono alikuwa amesimama mlangoni, kinga ya ngozi imeshafungwa mkononi, tayari kwenda kuijaribu mishale yake. Aliviangalia vile vipande sakafuni, akauangalia mkono wake, halafu akamwangalia Jamil.

"Kuna vijiti vinakauka juu ya jiko," alimwambia. "Kuja tuchague pamoja. Na hiyo msasa uache kwa baba."