Kisiwa cha Bukari

Haya, wacheke mpaka wachoke! Laurentine aliweka sinia lake la foili mezani mbele ya darasa zima, na uso hakuuinamisha. Kisiwa cha Antigua alikuwa amekisonga kwa bukari, ugali wa kwao Goma, asubuhi ile, nyumbani kwake huku ugenini, karibu na barabara ya Bailey. Bukari nyeupe ilikuwa matumbawe. Juu yake aliweka bukari iliyochanganywa na vumbi la makaa, ndiyo mawe ya volkano. Mama wa miaka arobaini na mmoja, anayeogesha wazee siku tano kwa wiki! Akianguka somo hili la miamba, nafasi yake ya kusomea uuguzi imekwenda.

"Umepindua," mwalimu akasema, kijana ambaye hata ndevu hazijamkolea. "Volkano ilitangulia, matumbawe yakafuata." Akaandika sifuri. "Kaa chini."

Jamani! Mwanamke wa Goma aambiwe moto hutangulia? Mwaka 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo ulimjia mwisho, ukaikuta nyumba, jiko na kitanda cha harusi, ukavifunika vyote. Halafu akakumbuka kilichofuata: yeye mwenyewe akibeba mawe meusi kichwani, yeye na majirani wakijenga upya juu ya lava ambayo bado ilikuwa na joto. Kumbe!

"Bon. Nimekosea," akasema. "Lakini sikai."

Akaing'oa bukari nyeusi kwa mikono, akaibandika chini, kisha akaipandisha nyeupe ubavuni mwake.

"Volkano ilizimika, bahari ikaifunika mabega. Humo wanyama wadogo, wengine hawafiki hata ukucha, wakajenga mawe kwa miili yao, kizazi juu ya kizazi. Hata sisi Goma tulijenga juu ya moto uliotufukuza."

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu akakunja mikono. "Matumbawe hukua majini. Mbona leo yako nchi kavu?"

Alidhani amemkamata. Laurentine akapitisha ngumi chini ya sinia, akasukuma mpaka upande mweupe ukainuka.

"Ardhi ilisukumwa kutoka chini, polepole, mpaka bahari ikaachia. Sasa futa hiyo sifuri, mwalimu. Mimi niko hapa nangoja."

Na akangoja kweli, bukari imemganda vidoleni, mpaka yule kijana akaifuta.