Sweta ya Nailoni

"Zima mashine," nilimsikia mume wangu akisema nyuma ya mlango. "Mke wangu huyo anakuja."

Nikaganda. Viatu nilikuwa nimevivua mwanzo wa ukumbi, nimevikumbatia kama mwizi wa kuku. Nilikuwa nimekuja kufumania.

Mume wangu alikuwa profesa wa kemia. Alipima umeme wa chembe hai, umeme kidogo mno, kwa sindano za kioo ambazo ncha zake jicho halizioni. Msaidizi wake, binti mmoja mrefu, ndiye aliyezitengeneza kwa kuvuta kioo motoni.

"Yule binti ana mikono!" aliniambia mezani, jana na juzi na juma lililopita. Mikono yangu mimi ilimlisha na kumnyoa ndevu miezi aliyovunjika bega, na sijasikia sifa yake hata siku moja. Wivu ulinishika nikasukuma sahani. Penye moshi pana moto, nikajisemea, nikavaa sweta yangu ya buluu nikaondoka.

Nikasukuma mlango. Walikaa mbalimbali, kati yao kizimba cha wavu wa shaba na kioo cha kompyuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kawaambia nakuja?"

Binti alionyesha kompyuta. Mstari uliokuwa umenyooka ulikuwa umepanda na kushuka ovyo. "Ni hiyo sweta. Nailoni inabeba umeme, sote tumekatazwa kuivaa humu. Ukifika ukumbini tu, mstari unaruka, na profesa anaacha kazi."

Sweta hiyo mume wangu alininunulia mwenyewe.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ningekwambia, usingekuja tena," alisema. Kisha akatazama miguu yangu. "Na mbona uko peku?"

Niliinama kizimbani niione hiyo sindano ya kusifiwa, nikashika kishikio chake bila kugusa kwanza chuma cha meza ili umeme wa mwilini uondoke, jambo ambalo kila mtu wa chumba kile hulifanya bila kufikiri. Cheche ikalia, ndogo tu.

"Imekufa," binti alisema. Macho yalimjaa machozi. "Ilikuwa nzuri kuliko zote."

"Utavuta nyingine kesho," mume wangu alimjibu, tayari anatafuta koti lake. "Twende nyumbani, mama watoto."

Binti aliinua uso akanitazama. Jicho lile nililijua vizuri, maana ndilo nililokuja nalo.

Nikavaa viatu vyangu.