Kopo la Krimu ya Kijani

Uvumi ulimfikia Norlita katika chumba cha kubadilishia nguo cha kiwanda cha vyakula, pale Hamamatsu: kwamba dawa ya kupaka ya hospitali za Japani ina steroidi, nayo ilimla mtoto mmoja ngozi hadi akabaki mwekundu kama kamba wa kuchemshwa. Mtoto huyo hakumjua, wala mama yake. Lakini kila alipofungua dawa ya pumu ya ngozi ya binti yake Mika, aliifunga tena bila kumpaka.

"Umpake mwanao sumu kwa sababu aliyekupa kavaa koti jeupe?" alisema dada Zenaida, Mfilipino mwenzake, aliyeuza bidhaa kutoka kwao Ufilipino nje ya kanisa kila Jumapili. Akamtolea kopo la krimu ya kijani. "Majani matupu haya, mdogo wangu. Yasipofanya kazi, njoo unichape."

Yakafanya kazi. Kope za Mika, zilizokuwa zimepasuka na kutoa maji, zikalainika. Mtoto akalala bila kujikuna, na mama naye akaonja usingizi.

Hospitalini, Daktari Sugiura, mwanamke asiyepandisha sauti, aliyagusa mashavu ya Mika. "Mama umejitahidi," alisema. "Kuna kingine unachompaka?"

Miaka yote aliyoishi nchi ile, Norlita alikuwa amekaripiwa na msimamizi kwa uzembe, na jirani kwa takataka. Hakuna aliyewahi kumwambia amejitahidi. Akainamisha kichwa. "Hakuna, daktari. Ni dawa yenu tu."

Nesi akampaka Norlita dawa ya hospitali mkononi kumwonyesha, kisha akaweka karatasi laini ya kujifutia juu yake. Ikanata. "Mpaka inate hivi," alisema. "Usiibanie."

Norlita hakuibania. Asubuhi na jioni alimpaka Mika kwa namna ileile ya nesi, mpaka karatasi inate, hata kwenye kope. Ila alichopaka kilitoka katika kopo la Zenaida.

Miti ilipoanza kuchanua, Mika akawa anaitazama televisheni akiwa ameigusa kwa pua. Siku moja mezani alikikosa kijiko, akakipapasa. Akashika jicho lake la kushoto, akauliza kwa utulivu, "Mama, na wewe upande huu kuna giza?"

Safari hii Norlita aliliweka kopo mezani kwa daktari kabla hata ya kuketi. Daktari Sugiura alilinusa, akazitazama kope za Mika, nyembamba kiasi cha kuonyesha mishipa. Kisha akapiga simu idara ya macho.

Presha ya macho ilikuwa imepanda. Jicho la kulia liliwahiwa. La kushoto, kilichopotea hakirudi. Majibu ya maabara yalipotoka, krimu ya majani ilikuwa na steroidi kali, ambayo ikipakwa kwenye kope kwa muda mrefu hupandisha presha ya jicho.

"Yetu ya usoni ni dhaifu," alisema daktari. "Hii nisingempaka mtoto hata mgongoni. Mbona hukuniambia?"

Norlita alimvuta Mika karibu naye.

"Ulinisifu," alisema.

Jumapili alimkuta Zenaida akipanga makopo yake nje ya kanisa. Alikuwa amekuja na matusi tayari mdomoni. Zenaida alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaliweka chini kopo alilolishika. "Mjukuu wangu nampaka hilohilo," alisema. "Tangu mwaka jana."

Matusi yakamkauka. "Mbebe," alisema Norlita. "Kesho asubuhi tunakwenda wote hospitali."

Jioni ile aliwaandikia kina mama wenzake kwenye simu:

Msipake krimu isiyoandikwa kilichomo.

Msiache dawa ya daktari kwa maneno ya kazini.

Msipake kitu kwenye kope kabla daktari hajaliona kopo lenyewe.

Msimfiche daktari kitu, hata akiwasifu.

Msingoje mtoto alalamike kuwa haoni. Yeye hudhani sote tunaona hivyo.