Ea Klina Iliyopigwa Pasi

Mume wangu haambiliki. Nalisema mapema ili tusije tukalaumiana mbele ya safari. Yeye ni dobi na mimi ni dobi. Yeye ana upande wa mabeseni, mimi nina upande wa pasi, na kwa miaka ishirini na sita hakuna shuka lililotushinda. Nadhani ndicho kilichomvimbisha kichwa.

Chanzo ni wale wakala wa magari. Kigari chetu cheupe cha kusambazia nguo tulikuwa tukikipeleka kwao kwa sevisi, na safari ya mwisho walikaa nacho siku nzima, wakaturudishia pamoja na karatasi ndefu. Mume wangu akaisoma palepale kaunta, miwani kwenye ncha ya pua.

"'Ukaguzi wa jumla'," akasoma. "Huu ndio nini?"

Bwana wa kaunta, shati limekunjamana utadhani amelilalia, akajibu, "Ni kuliangalia gari kwa ujumla, mzee."

"Yaani mmelitazama."

"Ndiyo."

"Mkanitoza kwa kulitazama. Mimi nalitazama kila siku, tena bure!"

Tulipofika nyumbani akapiga usukani kofi. "Mama Breki, kuanzia leo gari hili nalihudumia mwenyewe. Wale wasilione tena."

Breki ni binti yetu. Jina hilo la utani alilipata kwenye mtihani wake wa kwanza wa udereva, alipokanyaga breki ghafla kwa ajili ya mfuko wa plastiki uliokuwa unavuka barabara, mtahini akabusu kioo cha mbele. Mtihani wa pili alikanyaga hivyohivyo, na mfuko wenyewe haukuwepo. Mtahini ni yuleyule, na siku hiyo ya pili Breki aliona jambo lililomkosesha usingizi: yule bwana hakugeuza shingo hata mara moja. Akitaka kutazama kushoto, anageuka mwili mzima.

"Mama, nilimvunja shingo," aliniambia huku analia. "Nimemlemaza mtu."

Sasa sikilizeni. Breki anafanya kazi hospitali, anasukuma vitanda vya magurudumu. Tangu utotoni anataka kitu kimoja tu, kuendesha gari la wagonjwa. Hospitali walikuwa wameshamwahidi nafasi, sharti awe na leseni mwisho wa mwezi. Na ukianguka mtihani mara ya tatu, unangoja mwaka mzima. Mtihani wake wa tatu ulikuwa Jumatatu, na kila mtu anatahiniwa kwa gari alilokuja nalo. Baba mtu akachagua Jumamosi, siku mbili kabla, kufanya sevisi yake ya kwanza maishani. Nilimwambia angoje. Thubutu!

Haki yake nimpe: oili aliibadilisha vizuri. Alizuia magurudumu kwa matofali, akapiga jeki, akaweka stendi za chuma chini ya gari, akaingia uvunguni na spana. Oili chafu aliikinga kwenye beseni, hata tone halikuanguka uani. Kila alichokifungua alikibandika tiketi ya nguo kwa pini au uzi, kama tunavyofanya dukani: nati ya chini, namba 209, kifuniko cha oili, namba 210. Alipomaliza akavirudisha kwa kufuata namba, na kijiti cha kupimia kikaonyesha oili imefika pale inapotakiwa. Nikakaribia kumsifu.

Halafu akaitoa ea klina, lile chujio la hewa. Kitabu cha gari kilikuwa kimefunguliwa juu ya ndoo na kimeandikwa wazi: ikichafuka, badilisha. Duka la vipuri liko mtaa wa pili. Lakini mume wangu akaigeuzageuza ile karatasi iliyokunjwakunjwa, imejaa vumbi jeusi, akaguna.

"Hii haijaharibika. Imechafuka tu."

Mbele ya dobi, jamani, neno gani hilo!

Hapo ilinipasa niseme hapana. Lakini nilichungulia, nikaona ile mikunjo. Yalikuwa marinda, tena marinda madogo, ya sketi ya shule hasa, yamelala ovyo. Mkono wa pasi ukaniwasha.

Akaifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya sufu, taratibu, bila kuisugua. Akaianika kwa vibanio viwili katikati ya foronya za watu. Ilipokauka ilikuwa nyeupe pe, ila imelegea.

"Yamelala," akasema kwa huzuni.

"Lete huku," nikasema mimi. Ndiyo, mimi. Sina wa kumsingizia.

Nikaitia wanga. Nikaweka kitambaa juu, pasi ya moto mdogo, rinda moja baada ya jingine, arubaini na nane kwa hesabu. Mungu anisamehe, ilipendeza. Ungeweza kwenda nayo harusini. Mume wangu akairudisha mahali pake, akawasha gari. Likanguruma vizuri, likazunguka uani mara mbili, naye akashuka anajipiga kifua.

"Wale wa kaunta waje waone!"

Tukala njama tusimwambie Breki. Ana wasiwasi wake wa kutosha, tukasema, tusimwongezee.

Jumatatu asubuhi tukakaa kwenye benchi la uwanja wa mitihani, mimi na baba mtu, roho juu. Mtahini akaja na ubao wake wa kuandikia, shingo wima. Breki akamwamkia kwa sauti ndogo, wakaingia garini. Akazunguka mapipa bila kugusa hata moja. Akarudi kinyumenyume, akaegesha katikati ya mistari. Mfuko wa plastiki ukapita mbele yake, wallahi nimeuona kwa macho yangu, na hakukanyaga breki. Nikamfinya mume wangu mpaka akalia.

Kikabaki kilima. Pale unasimama katikati ya mwinuko, kisha unaondoka bila kurudi nyuma. Breki akasimama vizuri. Akakanyaga mafuta aondoke. Gari likakohoa. Akaongeza. Likakohoa tena, likatoa moshi mweusi, likazimika kimya.

Sijui niliinuka saa ngapi. Nilijikuta nakimbia kupanda kilima, kiatu kimoja nimekiacha benchini, Baba Breki ananifuata anapiga kelele, "Kanyaga klachi! Kanyaga klachi!"

"Wazazi rudini nyuma," mtahini akasema dirishani, macho mbele.

Breki alikuwa ameshavuta breki ya mkono na kuwasha taa za tahadhari. Akashuka, akaweka kile kibao cha pembetatu nyuma ya gari, akafungua boneti. Hakututazama.

"Baba, umeligusa gari?"

"Kidogo."

"Mama?"

"Mimi? Mimi na gari wapi na wapi?"

Akafungua kile kisanduku cha hewa, akaitoa. Marinda arubaini na nane, yamesimama wima, yananukia. Kwenye ukingo ilining'inia tiketi ambayo bingwa wetu alisahau kuitoa. Breki akaisoma kwa sauti.

"'Namba 212. Nyeupe. Wanga mzito.'" Akapapasa rinda moja. "Mwandiko wa Baba. Na pasi ya Mama."

Niliona aibu, aibu ya kutaka kulia. Mtoto amengoja miaka, na mimi nimemzibia njia kwa mikono yangu, tena nikijisifu.

"Ulioziba ni wanga," mume wangu akawahi kusema. "Mimi nilifua tu."

"Ati nini? Nani aliambiwa na kitabu abadilishe?"

"Na nani alisema lete huku?"

"Wewe mwanamume, usinitie wazimu mbele ya—"

"Nyamazeni wote wawili!" Breki akasema. Hakupiga kelele, lakini sauti ile sikuwa naijua. "Mko katikati ya barabara. Baba, simama ukutani. Mama, shika hii, ondoka kwenye gurudumu."

Tukatii. Miaka ishirini na sita ya ndoa, nilikuwa sijamwona mume wangu akitii haraka hivyo.

Breki akafunga kisanduku kikiwa kitupu, akamgeukia mtahini. "Injini ilikosa hewa. Litatembea hivi mpaka duka la vipuri, halafu naweka mpya. Naomba niendelee."

Mtahini akashuka. Akaichukua ea klina mkononi mwangu, akainusa, akaigonga kwa ukucha. Ikalia ko, ko. Akaitazama ile tiketi kwa muda mrefu, kisha akaingiza vidole ndani ya kola yake na kutoa kitiketi kingine kilichobanwa kwa pini, rangi ileile, mwandiko uleule.

"Mashati yangu huwa anayapeleka mke wangu," akasema polepole. "Ni kwenu?"

Nikakisoma. Namba 88. Mashati ya namba 88 nilikuwa nayapenda kwa vile yalikuwa ya kitambaa kizuri, nikajisemea mwenyewe lazima ni mkubwa fulani, na kila wiki kola nilikuwa naitia wanga mara mbili kwa heshima.

"Mama," mtahini akaniambia, "mwaka wa pili huu sigeuki."

Breki akashika mdomo. "Kwa hiyo si mimi niliyekuvunja shingo?"

"Wewe? Wewe ulinigonga paji la uso tu."

Mtoto akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mtahini akafungua kifungo cha juu. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Alionekana kama mtu aliyehamia mtaa mpya.

"Panda," akamwambia Breki. "Kilima kilekile, kuanzia chini."

Akakipanda bila kurudi nyuma hata inchi moja. Waliposhuka mtahini akaandika kwenye ubao wake, akatugeukia, kwa shingo safari hii. "Wengine nawapima gari likiwa zima. Huyu nimempima gari limezimika na wazazi wawili wanagombana barabarani. Amefaulu." Kisha akaniangalia mimi. "Na kola, mama, maji matupu."

Siku hizi sevisi bado tunafanya nyumbani, kwa wakala haturudi ng'o, lakini anayeifanya ni Breki, akiwa na siku ya mapumziko. Baba yake anaruhusiwa kuandika tiketi. Mimi naruhusiwa kukaa mbali. Namba 212 imening'inia dukani juu ya meza yangu, na wateja wakiuliza ni nini nasema ni pambo.

Wiki iliyopita gari la wagonjwa lilisimama mlangoni kwetu, tupu, linarudi hospitali. Akashuka Breki na sare yake, imenyooka vizuri, pasi yangu hiyo. Nilifurahi mno. Akaniwekea furushi la mashuka juu ya kaunta, na juu yake kikaratasi alichokiandika mwenyewe: "Mashuka kumi na mawili. Ni mashuka tu."

"Umesikia, Baba Breki?" nikaita. "Ni mashuka tu!"

Nikageuka, mabeseni yako peke yake. Nikachungulia nje. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya gari la wagonjwa, mikono ina povu, anapapasa chini ya boneti akitafuta panapofungukia.