Ratili Saba na Wakia Mbili

Jumanne jioni, chai ikipoa pembeni, Denise Raistrick alikuwa mezani jikoni akishona jina la binti yake kwenye soksi nyeusi. Orodha iliyotoka jeshini ilisema kila nguo iwe na jina, kwa herufi kubwa, na yeye si mtu wa kubishana na karatasi. Alipomaliza soksi ya kwanza aliitupa ndani ya mfuko mpya wa kijani, uliokuwa mtupu, kisha akaunyanyua mfuko ausogeze karibu na kiti. Akabaki amesimama nao. Aliuweka chini, akaunyanyua tena.

"Ratili saba na wakia mbili," alisema.

Tegan, mwenye miaka kumi na tano, alikuwa akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye friji na kurudi, akilainisha buti za mtumba alizozipaka mafuta ya mgando. "Nini hiyo ratili saba?"

"Mfuko."

"Una soksi moja tu, mama."

"Najua una nini."

Denise hakuwa mtu wa kukosea uzito. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amekaa kwenye kaunta ya kutuma vifurushi kwa posta katika duka la mtaa wa Mill, na mkono wake ulikuwa ukiitangulia mizani. Tena huu uzito aliujua. Kaskazini hii ya Uingereza watu hupima viazi kwa kilo, na saruji kwa kilo, lakini mtoto akizaliwa Brackenshaw hutangazwa kwa ratili na wakia, kama enzi za bibi zao, na mama yake hausahau uzito ule mpaka anaingia kaburini. Tegan alizaliwa na ratili saba na wakia mbili, kama kilo tatu na robo. Imeandikwa hivyo katika kitabu chekundu cha kliniki, kilichomo kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha.

Waliweka soksi zote tano za kulia na tano za kushoto. Waliweka taulo, kifuli, fulana nne, sabuni na pasi ndogo ya kusafiria. Tegan alivua buti akazitia nazo. Waliupima kwenye mizani ya jikoni: bado saba na mbili, haikuongezeka hata wakia moja.

"Afadhali," alisema Tegan. "Orodha inasema usizidi kilo kumi na tano."

Akazitoa buti, akazivaa, akaendelea kutembea.

Katika shule yao, wanafunzi wa umri wa Tegan hupelekwa kazini wiki moja kila mwaka mwezi wa Juni, waonje kazi za watu wazima. Kila mmoja hujitafutia pa kwenda. Mwenye shangazi wakili huenda kwa wakili, na mwenye baba anayejuana na mhandisi huenda kwa mhandisi. Tegan alitaka kwenda kwa daktari wa mifugo. Alikuwa ameosha vibanda vya mbwa vya daktari huyo kila Jumamosi kwa mwaka na nusu, bila malipo, na kulikuwa na mbwa kipofu mmoja pale aliyekubali kulishwa na yeye tu. Nafasi ilipewa kijana wa daktari wa meno, ambaye akikaribia paka hupiga chafya hadi anatokwa machozi. Daktari wa mifugo alisikitika sana, akasema alishaahidi tangu Krismasi.

Tegan aliandika barua nyingine kumi na moja. Jeshi ndilo peke yake lililojibu. Lazima lisemwe kwa haki: jeshi hujibu barua. Lilimjibu kwa siku mbili, likampa basi la bure, chakula mara tatu kwa siku, na wiki nzima ya kukimbia, kuvuka mito kwa kamba na kujua maisha ya askari. Katika darasa lao la thelathini na mmoja, kumi na tisa walipata jibu kama lake. Shule ya upande wa pili wa kilima, yenye uwanja wa farasi, haikupata hata moja, wala haikuwa imeomba.

Kilichobaki kilikuwa saini ya mzazi. Fomu ilikuwa imebandikwa kwenye friji kwa sumaku tangu wiki iliyopita, na ilitakiwa Ijumaa.

Jumatano, Denise alimkaribisha chai Gail wa nyumba ya tatu. Gail alikuja na mfuko wake wa kijani, kama anavyokwenda nao kila mahali, akaupakata. Ulikuwa wa mwanawe, Corey, ambaye naye alipelekwa jeshini wiki moja alipokuwa na umri wa Tegan. Alirudi na kipeperushi cha kujiunga. Alipotimiza kumi na sita alijiunga, na akiwa na kumi na saba alizama mtoni katika mafunzo, mwezi wa Februari.

"Umeshaupima?" Gail aliuliza, akipuliza chai yake.

"Saba na mbili."

"Wangu nane kamili. Lile jitoto lilinipasua." Alicheka, kisha akauinua mfuko begani na kuupigapiga mgongoni. "Siku ile ya basi waliuchukua. Kule wiki moja, halafu Corey akanirudia na mfuko una uzito wa nguo tu, mchafu. Mwenyewe sikusema kitu. Nani angenielewa?"

"Sasa huo uliupataje?"

"Waliuleta. Watu wawili, mpaka mlangoni, wamevua kofia." Gail alikunywa nusu ya chai yake, nusu akaubakishia mfuko, maana ndiyo kawaida yao. "Ratili nane kamili, Denise. Nakuambia ukweli, hawakupunguza hata wakia."

Denise alimwongezea maziwa. Walizungumza kidogo kuhusu bei ya gesi.

"Ukimbeba," Gail alisema akiwa mlangoni, "usimbebe kwa mkanda. Shika hapa chini, na kichwa ukilaze kwenye kiwiko."

Alhamisi asubuhi Denise alipitia shuleni kabla ya kazi. Mwalimu Ormerod, mwenye dhamana ya nafasi hizo, alikuwa mtu mwema aliyechoka, mwenye kikombe kilichoandikwa kwamba yeye ni mwalimu bora.

"Mwalimu, hakuna pengine pa kumpeleka?"

"Mama Tegan, ningekuwa napo ningekupa sasa hivi. Asiyekwenda anabaki hapa na mimi. Anaokota takataka uwanjani wiki nzima, na inaandikwa kwenye ripoti yake kuwa hakupata kazi."

"Kumi na tisa wanakwenda jeshini."

"Mwaka jana walikuwa kumi na wanne," alisema mwalimu. "Tunapanda."

"Mifuko yao ina uzito wa siku waliyozaliwa. Unajua hilo?"

"Tunawaambia wazazi wasiiache kwenye jua," alijibu, na kengele ikalia.

Kaunta siku hiyo alikuja mke wa daktari wa meno, na kijana wake nyuma, na begi la kijana likiwa na koti jeupe la wiki ya mifugo. Alikuwa akituma saa ya mkono kwa mtu fulani London. Wakati akiandika anwani, Denise alimsaidia kijana kulisogeza begi lake. Lilikuwa na uzito wa koti, viatu na kompyuta. Hakikuongezeka wala kupungua kitu.

Mke wa daktari alitia saini, akalipa, akapokea risiti, akafika mlangoni, akarudi. Alikuwa amebadili mawazo, alitaka kifurushi chake.

"Samahani, mama," Denise alisema. "Ukishatia saini na mimi nikakipokea, si chako tena. Ndiyo sheria. Hata mimi siwezi kukigusa."

Ilikuwa sheria kweli, imeandikwa ukutani juu ya kichwa chake, na Denise alishawaliza nayo wajane. Meneja akatoka ofisini akitabasamu, akafungua gunia kwa mkono wake mwenyewe, akamrudishia yule mama kifurushi pamoja na pole. Kisha akamwambia Denise asiwe mgumu kama mkate wa juzi. Denise alisema sawa, bosi.

Jioni hiyo fomu ilikuwa bado kwenye friji. Tegan aliibandua akaiweka mezani na kalamu juu yake.

"Mama, kesho ndio mwisho."

"Kaokote takataka. Wiki moja tu. Nitakununulia zile raba."

"Ili kina Bradley wa darasa letu wanicheke? Sitaki raba." Tegan alikaa. Buti zilikuwa zimemtoa malengelenge, na alikuwa amekunja miguu chini ya kiti. "Niliandika barua kumi na mbili, mama. Kumi na mbili! Unajua jeshi waliandikaje? Waliandika, 'Mpendwa Tegan.' Na jina la baba waliandika sawasawa, na zile herufi zote. Hakuna mtu mwingine aliyeniandikia hata 'hatukutaki'."

Denise alitaka kumwambia mengi. Alitaka kumwambia kwamba anayekujibu haraka ana haja na wewe, na kwamba haja si upendo. Lakini alimtazama usoni na kuona furaha ya mtu aliyeitwa kwa jina, na yeye hakuwa na kazi nyingine ya kumpa, wala shangazi wakili, wala rafiki mhandisi. Aliona aibu. Ilikuwa aibu ya watu wengine, lakini ilikuwa imekuja kukaa kwake.

Akatia saini. Tegan alimbusu kichwani, akaenda kutembea na buti zake.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Jumatatu saa moja asubuhi wazazi kumi na tisa walikuwa wamepanga foleni nje ya lango la shule, karibu wote akina mama, na kila mmoja amebeba mfuko wa kijani mikononi. Hakuna aliyeubeba kwa mkanda. Waliyumba kidogo kidogo, mguu huu na mguu ule. Wengine waliimba puani. Asiye na mwana aeleke jiwe, wahenga walisema, lakini hawakusema mwenye mwana aeleke nini. Vijana wenyewe walikuwa pembeni wakisukumana na kucheka, wakijifanya hawawajui mama zao.

Sajini Pugh aliteremka kwenye basi na mizani ya mkono na ubao wa fomu. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye sauti ya chini. Alipima mifuko mmoja mmoja na kuandika. Denise, ambaye macho yake yamezoea fomu, aliona kwamba fomu ile ilikuwa imepigwa chapa kiwandani, na ilikuwa na safu mbili nyembamba, moja ya ratili na nyingine ya wakia.

"Hartley, sita na kumi na moja," alisema sajini. "Vizuri. Mama, hapa."

Mama Hartley alitia saini.

Mbele ya Denise alikuwa mama yake Declan. Declan mwenyewe alikuwa jitu la futi sita lenye ndevu zinazoanza, lililokuwa likipiga miluzi kando ya basi. Mfuko wake ulikuwa na ratili mbili na wakia kumi na tatu.

"Alikaa wiki tisa kwenye mashine ya watoto njiti," mama yake alisema haraka. "Tafadhali msimwekee kitu juu."

"Tunajua, mama. Hao huwa tunawapanga juu kabisa."

Kisha ikawa zamu yake.

"Raistrick. Saba na mbili. Saini hapa, mama, kwamba umekabidhi."

Denise alitia saini. Sajini aliuchukua mfuko kwa mkanda, akamrushia askari aliyekuwa kwenye sehemu ya mizigo ya basi, naye akaudaka na kuusukuma nyuma. Tegan alipanda bila kuangalia nyuma, halafu kwenye dirisha akapunga mkono, mara moja, chini chini, Bradley asione. Basi liliondoka. Akina mama walisimama muda kidogo na mikono yao imekunjwa vilevile, kisha wakaenda makazini.

Ijumaa basi lilirudi saa tisa. Tegan aliruka chini akiwa ameungua pua kwa jua, na sauti imekauka kwa kupiga kelele, na mwendo wake ulikuwa umenyooka.

"Mama! Nimevuka mto kwa kamba! Mimi na Declan tu!" Alikuwa na kipeperushi mkononi. "Wamenipenda. Sajini mwenyewe kasema. Oktoba nikitimiza kumi na sita, ni saini yako moja tu."

Denise alimkumbatia kwa nguvu, mpaka Tegan akasema basi, watu wanaona. Kisha alinyanyua mfuko. Ulikuwa na kilo sita na nusu: buti mbichi, taulo lenye matope, soksi chafu. Akaupeleka kwa sajini.

"Huu sio."

Sajini aliangalia. "Jina lake hili hapa, mama. Umeshona vizuri."

"Jina ndilo. Uzito sio. Nimewapa saba na mbili, nataka saba na mbili zangu."

Sajini Pugh hakukasirika. Alifunua ubao, akapitisha kidole hadi kwenye jina, akamwonyesha saini yake ya Jumatatu. Pembeni palikuwa na mhuri: IMEPOKELEWA.

"Ukishatia saini, mama, mimi siwezi kurudisha kitu hapa langoni," alisema kwa upole. "Kikirudi, huwa tunakileta nyumbani."

Denise aliangalia nyuma yake, kama kuna meneja wa kutoka mahali fulani akitabasamu. Kulikuwa na mwalimu Ormerod tu, akihesabu vijana, kumi na tisa kwa kumi na tisa.

Walirudi kwa miguu. Tegan alitangulia, akizungumza bila kupumua. Denise alifuata, mfuko ukining'inia mkono wa kulia kwa mkanda, na mkono wa kushoto ameukunja kiwikoni, hauna kitu. Gail alikuwa dirishani na wake begani. Aliinua kiganja, Denise naye akainua chake.

Nyumbani alibandika kipeperushi kwenye friji kwa ile sumaku, kwa kuwa hakujua pengine pa kukiweka, akafua soksi kwa mkono, mara mbili, mpaka maji yakawa meupe. Alizianika moja moja akikagua majina. Hakuna uzi uliokuwa umelegea.