Kuitwa Mara Kumi na Sita

Saa nne asubuhi Zarbakht alisogeza bakuli lake la chai ya maziwa yenye chumvi, akabonyeza kitufe. Kutoka ofisini Khorog, mtandao ulipeleka jina la kituo mara kumi na sita mfululizo, kama mtu amwamshaye aliyelala fofofo. Huko juu milimani, kando ya ziwa la barafu, kipimo cha maji cha kituo hicho hulazwa ili kisimalize betri. Kikiitwa huamka, hutaja kina cha maji, kikalala tena. Bondeni chini ya ziwa hilo kuna kijiji cha Vezdara, anakoishi Shirinmo, mdogo wake Zarbakht, na watoto wake wanne.

Kituo kiliitwa Mamadsho, jina la mzee aliyekipandisha kwa punda wake, akafa akishuka. Walimzika hukohuko.

Siku hiyo kituo hakikujibu. Betri ilikuwa imekufa. Davlatmir, mkuu wa ofisi, bingwa wa ahadi, alikuwa ameahidi nyingine tangu majira ya baridi. Zarbakht aliita tena na tena, roho juu.

Saa sita Mamadsho aliingia, amelowa hadi magotini. Kutoka ziwani ni mwendo wa siku mbili, lakini marehemu hawapumziki njiani.

“Binti, kelele zote hizo za nini? Mke wangu aliniita mara mbili tu, nikaja.”

“Nisamehe, babu. Maji yamefika wapi?”

“Jana yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Leo yako hapa. Na ukingo wa barafu unapasuka.”

Zarbakht alimkatia mkate, akampelekea Davlatmir taarifa.

“Kwa hiyo Mamadsho amejibu,” alisema Davlatmir.

“Amejibu mzee, mkuu. Kituo kimekufa.”

“Jina si lilelile?” Akafuta ombi la betri.

“Basi tuwaambie Vezdara wahame.”

“Nihamishe kijiji kizima kwa magoti ya marehemu? Una akili wewe?”

Zarbakht alimchukia, akarudi mezani kwake. Akampigia simu mdogo wake.

“Mkuu wenu kasema tuhame?” aliuliza Shirinmo.

“Bado. Nasema mimi.”

“Dada, mwaka juzi tulihama kwa maneno ya mtu, tukarudi ng’ombe wameshamaliza ngano. Akisema yeye, tutatoka.”

Kesho yake, saa nne, Zarbakht aliita. Saa sita mzee aliingia, na nyuma yake Shirinmo na watoto wanne, wote wamelowa hadi utosini, matope midomoni. Zarbakht aliwakatia mkate. Davlatmir alichungulia, akawahesabu, akaandika kwamba mawasiliano na ziwa yameimarika.